Nusu Lita ya Mapenzi

"Nani humpa maziwa?" daktari aliuliza.

Nikanyoosha mkono.

Niliunyoosha kama tulivyokuwa tukinyoosha darasani swali likiwa jepesi: kiwiko kimenyooka, mgongo wima, uso wa mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Sikuwa na sababu ya kujificha. Miezi mitano mfululizo, kila asubuhi, nilikuwa nimempa mchumba wangu nusu lita ya maziwa ya kwanza, yale ya juu ya tangi yenye malai mazito. Kama kulikuwa na nishani ya kumtunza mgonjwa, kifua changu kilikuwa tayari.

"Kiasi gani?"

"Nusu lita asubuhi. Halafu akiona kiu namwongeza."

"Huwa anaona kiu?"

"Daktari, huyu ana kiu ya ngamia. Kwa hiyo namwongeza sana."

Daktari akavua miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa umefungwa plasta. Mtu akivua miwani kabla ya kujibu, ujue hana habari ya kukufurahisha.

"Kuanzia leo asinywe hata tone," akasema.

Kitandani, Brashi alifumba macho. Hakuwa amelala. Namjua: pale ndipo anapojificha.

Daktari akatueleza polepole, kama anayewaelekeza wageni njia. Ugonjwa wa Brashi unaitwa sakoidosisi, jina kama la mfalme wa zamani aliyechinja ndugu zake. Hilo tulikuwa tunalijua. Alikuwa amekohoa mwaka mzima, akatibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho, mpaka walipomkata kipande cha tezi shingoni na kukuta vinundu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyevialika. Tusichokijua ni tabia ya vile vinundu.

"Vinaifanya vitamini ya jua iwe kali kupita kiasi," daktari alisema. "Na hiyo vitamini inavuta kalsiamu yote iliyomo kwenye chakula na kuimwaga kwenye damu. Wewe ukinywa maziwa, mwili wako unachukua unachohitaji, mengine unayaacha. Mwili wake haujui kuacha. Sasa kalsiamu imezidi, inaganda kwenye figo. Mmeshaona ule ukoko mweupe ndani ya birika?"

Tuliuona. Sote tulikuwa na birika.

"Basi ndivyo. Figo zake zimechoka."

"Na kiu?" nikauliza.

"Kiu inaletwa na hiyo hiyo kalsiamu."

Nilisimama pale nikipiga hesabu ambayo sikutaka jibu lake. Alivyokunywa ndivyo alivyoona kiu. Alivyoona kiu ndivyo nilivyompa. Miezi mitano tulikuwa tunazunguka hivyo, mimi nikiimba, yeye akifuta mdomo na kusema asante.

"Na jua je?" daktari akauliza. "Kuna mtu huwa anamweka juani?"

Safari hii sikunyoosha mkono. Mama yake Brashi, kando ya kitanda, akaninyooshea kidole.

*

Inabidi nimweleze huyu mama, kwa heshima zote anazostahili, na anazistahili nyingi. Alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Mtarajiwa kwa upande wangu, maana kwa upande wake nilikuwa janga linalokaribia. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na moja, akastaafu, lakini hakuna aliyeuambia uso wake kwamba umestaafu. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Akipita barabarani, wanaume wazima walichomekea mashati.

Mimi na mwanawe tulikutana kwa sababu ya ng'ombe. Mwenye duka letu la maziwa alitaka ng'ombe achorwe ukutani, akaitwa mchora mabango ambaye watu wote walimwita Brashi. Alichora siku tatu, juu ya ngazi, anapiga mluzi. Alipomaliza tukatoka nje kumtazama ng'ombe. Alikuwa mbwa. Alikuwa mbwa mwenye pembe na chuchu, anayetabasamu.

"Huyu anabweka saa ngapi?" nikamwuliza.

Akanitazama kutoka juu ya ngazi, akacheka mpaka rangi nyeupe ikamwagikia kiatu chake, nami nikajua nimekwisha. Kesho yake akaja kumrekebisha ng'ombe. Na kesho kutwa. Alimrekebisha mwezi mzima, na hadi leo bado ni mbwa. Siku aliyoacha kumrekebisha ndiyo siku aliyonivisha pete, akaanza kuniita Malai.

Mwalimu hakumpenda yule ng'ombe, na mimi pia hakunipenda.

"Mwanangu amesoma," aliniambia siku ya kwanza nilipokanyaga sebule yake. "Wewe unapima maziwa."

"Napima vizuri, Mama."

"Mwalimu," akanisahihisha.

Hata hivyo, Brashi alipoanza kukonda, tulisimamisha vita bila kutangaza. Aliniona nikija na kidumu changu kila asubuhi, akafungua mlango. Aliniona nikimwekea Brashi kiti nje ya duka, palipo na jua la saa tatu, nikamfunika miguu na kanga. Siku moja alisema, akitazama pembeni, "Anapata rangi." Nililala na sentensi ile kama watu wanavyolala na barua.

*

Kwa hiyo tulipotoka chumba cha wagonjwa na kusimama ukumbini, kando ya benchi la chuma na ndoo ya mtu wa usafi, nilijua vita vimerudi.

"Umemmaliza mwanangu kwa kikombe," Mwalimu alisema. Hakupandisha sauti. Hajawahi kuhitaji.

"Sikujua, Mwalimu."

"Kutojua si jibu. Nimesahihisha karatasi miaka thelathini na moja, sijampa mtu maksi kwa kutojua."

"Lakini hata wewe ulikuwa unaniona. Ulisema anapata rangi."

"Nilisema anapata rangi. Sikusema umpe ndoo nzima."

"Ilikuwa nusu lita!"

"Na nyongeza."

Nyongeza zilikuwa nyingi.

"Sikiliza, binti," akasema, akifunga kifungo cha sweta ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Sitaki maziwa humu. Sitaki harufu ya maziwa. Sitaki mtu wa maziwa. Daktari amekataza."

"Daktari amekataza maziwa, Mwalimu. Hakunikataza mimi."

"Mimi ninakukataza."

Mlango wa chumba ulikuwa na kioo kidogo. Nilitazama ndani. Brashi alikuwa amegeuza kichwa upande wetu. Macho yake, ambayo ugonjwa ulikuwa umeyatia wekundu tangu mwaka jana, yalikuwa yamenishika kama mikono. Akainua mkono wenye mpira wa maji ya mishipa. Sijui kama alikuwa ananiita au ananiaga. Nilisubiri auteremshe kwa namna itakayonieleza. Nesi akapita katikati yetu na kitoroli cha dawa, na alipokwisha kupita mkono ulikuwa chini.

*

Siku nne nilikaa dukani nikipima maziwa kama mtu anayepima sumu.

"Leo mbona unapima kwa kununa?" aliuliza fundi viatu, mteja wetu wa kila siku.

"Una figo ngapi, fundi?"

"Mbili, nadhani."

"Basi kunywa robo, uniachie hayo mengine."

Mwenye duka akaniita pembeni akaniuliza, kwa upole, kama nina mpango wa kumfilisi au ni huzuni tu.

Kumpigia simu Brashi haikuwezekana. Mwalimu alikuwa ameichukua simu yake apate kupumzika, kama walivyokuwa wakitunyang'anya redio bwenini. Nilimtumia salamu kupitia kwa nesi, nesi akajibu kwamba yeye si posta. Kila asubuhi, saa tatu, jua lilikuja kukaa kwenye kiti kitupu nje ya duka, chini ya yule mbwa anayetabasamu. Siku ya tatu nikakiingiza kiti ndani. Siku ya nne nikakitoa tena, maana kilipokuwa ndani kilinitazama.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili, na mama wa duka la vitambaa, jirani yetu, akaniokoa. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya inayokwenda kuwaimbia wagonjwa.

"Kuna joho moja limebaki," akasema. "Mwenyewe ana mafua. Kuimba unajua?"

Sauti yangu iliwahi kusimamisha paredi ya shule. Mkuu wa shule alidhani kuna mtu ameumia.

"Najua kufungua mdomo," nikamjibu.

Ndivyo nilivyoingia katika chumba namba nne, mstari wa nyuma, joho limenifika vidoleni, mdomo ukifunguka na kufungika kwa uchaji mkubwa bila kutoa hata hewa. Brashi alikuwa ameegemea mito. Dawa na maji ya mishipa vilikuwa vimemvimbisha mashavu. Alionekana kama mtoto aliyeficha pipi. Mwalimu alikuwa kando yake, daftari magotini, kalamu mkononi.

Macho ya Brashi yalipita katika nyuso zetu moja moja, kwa adabu ya mgonjwa anayeimbiwa. Yakanipita. Yakasimama. Yakarudi.

Sijui kuandika alivyonitazama. Najua tu kwamba kwa siku tano nilikuwa nimetembea na jiwe kifuani, na aliponiona, jiwe likageuka kuwa mtu na kutaka kumkimbilia. Kona ya mdomo wake ikacheza. Nikamkonyeza, katikati ya ubeti unaohusu mateso. Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, na Mwalimu akainua kichwa.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumdanganya yule mwanamke kwa miaka thelathini na moja.

"Wewe wa nyuma," akasema, "wa tatu kutoka kushoto."

Kwaya ikakatika kama uzi.

"Mbona mdomo unakwenda na sauti haiji?"

"Nina mafua, Mwalimu."

"Vua joho."

Mama wa vitambaa akaongoza wenzake kwenda chumba cha jirani, haraka, wakiimba wimbo mwingine kabisa. Nilibaki peke yangu nikipigana na vifungo. Ningefukuzwa mbele ya wagonjwa sita, kama daktari hangeingia wakati ule, miwani yenye plasta, karatasi mkononi, uso wa mtu ambaye hakulala.

"Sielewi," akasema, bila salamu. "Siku tano bila maziwa. Maji ya mishipa mchana na usiku. Dawa ameanza. Kalsiamu ilitakiwa iwe imeshuka sana. Imeshuka kidogo tu. Anakula nini kingine?"

"Kila kitu kimeandikwa," Mwalimu akasema, na kwa fahari akamkabidhi daftari.

Lilikuwa daftari la mahudhurio, lile la shule, lenye mistari myekundu. Upande mmoja aliandika maji: saa, kiasi. Upande wa pili aliandika mkojo, na mbele yake, kwa mwandiko wa kuonea wivu: *umehudhuria*, *umehudhuria*, *umechelewa*, *umehudhuria*. Daktari nusura atabasamu. Akafunua ukurasa, kisha mwingine. Kidole chake kikasimama.

"V mbili, saa mbili asubuhi. V mbili, saa mbili jioni. Kila siku. V ni nini, Mama?"

"Vitamini."

"Vitamini gani?"

Mwalimu akafungua pochi yake, akatoa kichupa cheupe. "Vya kuimarisha mifupa. Alikonda, Daktari. Mifupa ilikuwa inaonekana. Nilianza kumpa siku zile zile huyu binti alipoanza na maziwa yake. Na glasi moja ya maziwa usiku, ya kumezea. Sasa nammezesha kwa maji, maana maziwa ulikataza."

Daktari akasoma karatasi ya kichupa. Akavua miwani.

"Mama, siku ya kwanza nilikuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia."

"Hii si dawa. Ni vitamini."

"Ni vitamini ya jua na kalsiamu. Ndiyo hiyo hiyo."

"Ulikataza maziwa," Mwalimu akasema. "Hukukataza..."

Nadhani alijisikia. Nadhani alikumbuka ukumbi, na benchi la chuma, na nani alikuwa amesema maneno ya namna hiyo kabla yake.

Sasa niseme ukweli. Kwa siku nne za kupima maziwa nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, hoja tatu na hitimisho, na ilianza na "Kutojua si jibu." Nafasi ndiyo hii, imekuja yenyewe, imepiga magoti. Nikafungua mdomo.

Mwalimu alikuwa anajaribu kufunga pochi yake. Kile kifungo cha chuma kilikuwa kinamkataa. Vidole vyake vilikuwa vinagonga pembeni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama vidole vya mtu anayetafuta swichi gizani.

Nikainama, nikamfungia.

"Nilijua," Brashi akasema kitandani.

Tukageuka sote.

"Ulijua nini?" mama yake akauliza.

"Kwamba mnanipa wote. Malai asubuhi, wewe usiku. Nawe ukaniambia nisimwambie Malai, atajiona ameshindwa. Nikanywa. Tumbo lilikuwa linajaa mpaka hapa. Nikanywa."

"Kwa nini hukusema inatosha?"

"Ningemwambia nani aache?"

Mwalimu akaketi.

*

"Msigombanie hili," daktari akasema. Naye aliketi, kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo manesi hulikataza. "Kuna jibu lingine. Juzi tulimchukua kipande kidogo cha figo tukakipeleka maabara, na majibu yamerudi. Vile vinundu vimo ndani ya figo zenyewe. Si kalsiamu tu. Ugonjwa wenyewe umehamia humo."

"Kwa hiyo si maziwa?" nikauliza.

"Maziwa yaliongeza kuni. Vidonge viliongeza kuni. Jua pia. Lakini moto aliwasha nani, sijui. Hakuna anayejua. Hata mngempa maji matupu, huenda leo tungekuwa tumekaa hapa hapa."

Ungedhani ningeshukuru. Msomaji, sikushukuru. Kosa langu nilikuwa nimelizoea. Lilikuwa na kipimo, nusu lita na nyongeza, na mtu mwenye kosa anaweza kulia, akatubu, akaacha. Sasa naambiwa niweke chini hata kosa langu, nisimame mikono mitupu mbele ya kitu kisichosikia samahani.

Nikamtazama Mwalimu, nikaona naye amenyang'anywa kitu kile kile.

"Zinafanya kazi kiasi gani?" akauliza.

"Kama theluthi."

"Zitarudi?"

"Za wengine hurudi sehemu kubwa. Za wengine kidogo. Za wengine hazirudi, tunawasafisha damu kwa mashine. Hizi dawa za sasa ndizo bora tulizonazo. Tutajua baada ya wiki kadhaa."

"Mpe yangu," nikasema. "Nina mbili. Sijawahi kuzitumia vibaya."

"Achukue ya mzazi," Mwalimu akasema papo hapo. "Damu moja."

"Mwalimu, una miaka sitini na saba."

"Na sijawahi kulazwa!"

"Mimi ndiye niliyeanza kusema."

"Mama zangu!" Daktari aliinua mikono miwili. "Hakuna aliyeomba figo. Hatujafika huko. Kila mtu abaki na zake."

"Sasa sisi tumfanyie nini?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka nyembamba, sauti ya ile paredi.

"Maji ninayoagiza. Dawa ninazoandika." Alivaa miwani. "Zaidi ya hapo, msimpe kitu."

Akaondoka na kile kichupa cheupe mfukoni. Msimpe kitu. Wanawake wawili ambao kazi yao yote ilikuwa kumpa.

*

Mwalimu akasimama, akaenda dirishani na kutugeuzia mgongo, kwa heshima kubwa ya mtu anayesikia kila neno.

"Malai," Brashi akaniita.

"Abee."

"Nenda zako."

"Niende wapi? Joho si langu."

"Nasema kweli." Alinishika kidole kimoja, kile chenye pete, akawa anaizungusha. Ilizunguka kwa urahisi, maana sikuwa nimekula siku nne. "Nitazame. Nimevimba kama mto. Silali. Ngazi siwezi kupanda, jua siruhusiwi, macho yanauma. Mchora mabango wa kivulini, umewahi kumwona? Hata ng'ombe siwezi kukuchorea tena."

"Hukuweza tangu mwanzo."

Akacheka. Kisha chozi likamtoka, jicho moja tu, lile linalougua zaidi, kwa hiyo sikujua kama analia au ni jicho.

"Nikiishia kwenye mashine?"

"Nitaleta kiti, nikae kando ya mashine."

"Miaka?"

"Mimi nimekaa kando ya tangi la maziwa miaka sita. Mashine inanitisha nini?"

"Na nisipofika hata huko?"

Nilitafuta mzaha. Huwa ninao, wengine hutembea na leso, mimi hutembea na mzaha. Nilipekua kila mahali. Kitanda cha jirani mtu aligeuka, chuma kikalia. Chumba cha pili kwaya ilikuwa imefika kiitikio.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa alichoagiza. Hakuiachia pete.

"Ninaogopa, Malai."

"Na mimi."

"Usiende, basi."

"Si umesema niende?"

"Nilisema. Sijui kwa nini watu husema hivyo."

Dirishani, mabega ya Mwalimu yalitikisika mara moja, yakatulia. Kisha akasema, kwa sauti ya kuita majina asubuhi:

"Jua linaingia."

Tulitazama. Ilikuwa alasiri, na kipande cha jua, mraba wa rangi ya siagi, kilikuwa kimepanda mwisho wa kitanda na kushika miguu ya Brashi. Nikaruka. Mwalimu alishika pazia la upande wake, mimi nikashika la upande wangu, tukavuta. Lilikuwa pazia la hospitali, limefuliwa mpaka limepungua. Halikukutana. Katikati ulibaki ufa wa upana wa mtu, na jua likapita humo likapanda magotini mwa Brashi.

Tukavuta tena. Pete moja ya pazia ikakatika.

Nesi akatuona. "Jua la nyuma ya kioo halimdhuru," akasema. "Liacheni tu."

"Asante, mwanangu," Mwalimu akamjibu, na hatukuliacha.

Nilikwenda nikasimama katikati ya ule ufa, mgongo dirishani, joho la mtu mwenye mafua likiwa limefunguka pande mbili. Kivuli changu kikamwangukia kuanzia magoti hadi kifuani. Joto likanichoma shingo. Brashi akanitazama kutoka katika kivuli kile, na safari hii hakufumba macho.

Mwalimu akarudi kwenye kiti chake. Akamimina maji kwenye glasi, akayapima kwa jicho, akampa mwanawe. Akafungua daftari. Kalamu ilikaa hewani kitambo. Akaandika saa, akaandika kiasi, akazikata V kwa mstari, zile za asubuhi na zile za jioni alizokuwa ameziandika mapema na ambazo sasa asingempa.

Dakika zikapita. Jua halikuwa na haraka. Mgongo ulianza kuniuma, nikabadilisha mguu.

"Usitikisike," akasema bila kuinua kichwa. "Linapita ubavuni kwako."

"Sawa, Mwalimu."

Alivuta mstari mwingine, mrefu, bila rula, ukaenda upande.

"Mama," akanisahihisha. "Na ukichoka, sema. Nitasimama mimi."